Noti za 1987 Zisizo na Sura ya Mtu

Tarehe 15 Mei 1987, siku ya Ijumaa, serikali ya Uganda ilitangaza kwamba shilingi 100 za zamani zimekuwa shilingi 1 mpya, na kwamba kila fedha itakayobadilishwa itakatwa asilimia 30 iwe ya serikali. Waziri wa Fedha alikuwa Dkt. Crispus Kiyonga, na gavana wa Benki Kuu alikuwa Suleiman Kiggundu. Noti zilizotoka zilikuwa za aina sita: 5, 10, 20, 50, 100 na 200. Nazikusanya noti hizo tangu nilipoacha kazi kiwandani, na nasema bila kusita kwamba hakuna fedha iliyopita Jinja yenye mengi ya kusimulia kuliko hizo, ingawa nikizitandaza mezani pamoja na noti za Idi Amin, kila mtu hunyoosha mkono kwa Amin kwanza.

Amin anapendwa kwa sababu ana uso. Pale Chanzo cha Nile, kwenye vibanda vya vinyago, mgeni akiona noti ya 1973 yenye sura ya yule jenerali huinunua bila kuuliza mwaka wala saini ya nani iko chini. Simlaumu. Ila noti ya Amin inamweleza mtu nani alikuwa ikulu, basi. Noti za 1987 hazina uso wa mtu. Mbele kuna nembo ya taifa, na ukiinua noti kwenye mwanga kinajitokeza kichwa cha korongo mwenye taji. Yoweri Museveni alikuwa ameshika nchi tangu Januari 1986, na noti zilipotoka sura yake haikuwemo. Watu wa Mafubira, hapa Jinja, waliligundua hilo siku ile ile. Nakumbuka wazee barabarani wakizigeuza mbele na nyuma wakimtafuta mkubwa mpya wa nchi, kwa sababu walikuwa wamezoea.

Walizoeshwa na historia. Kizazi cha bibi zetu kiliona rupia, na mwaka 1920 kikaletewa florini, kisha mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki, yaani majina matatu ya fedha katika muda wa kupanda na kuvuna mara chache tu. Shilingi ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilidumu hadi baada ya uhuru. Benki Kuu ya Uganda ilifungua milango Agosti 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Joseph Mubiru, na noti zake za kwanza zikawa za 5, 10, 20 na 100. Mubiru alichukuliwa na watu wa Amin mwaka 1972 na hakurudi. Kila ninaposhika noti yenye saini yake namkumbuka kabla sijaangalia kitu kingine. Mwaka uliofuata Amin akaweka uso wake kwenye noti. Alipoangushwa mwaka 1979, uso ule ukaondolewa na mahali pake pakawekwa jengo la Benki Kuu. Kisha rais wa zamani, Obote, akarudi madarakani, na sura yake nayo ikaja kwenye noti.

Lakini wakati macho ya watu yako kwenye nyuso, namba ndizo zilizokuwa zinakimbia. Tangu 1966 hadi 1983, kwa miaka 17, noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya 100. Mwaka 1983 zikaja za 500 na 1,000. Mwaka 1985 ikaja ya 5,000. Mtu aliyekuwa na akili ya biashara, hata kama hakusoma, alielewa kilichokuwa kinatokea. Mshahara wetu kiwandani ulikuwa unatoka kwa mabunda, na sokoni mchuuzi wa samaki alikuwa na kaveera (mfuko wa plastiki) ya kuuzia samaki na kaveera nyingine ya kuwekea pesa, na mara nyingi ile ya pesa ndiyo iliyokuwa kubwa.

Maneno ya miaka ile bado yapo midomoni mwetu. Magendo ilikuwa biashara ya kuvusha mali mpakani na kuficha bidhaa. Mafuta mingi walikuwa wale waliopewa maduka ya Wahindi waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Hapa Jinja uliwajua kwa nyumba walizohamia pale mjini, kwenye barabara pana zilizojengwa na wenyewe waliofukuzwa. Na kibanda ilikuwa bei ya dola nje ya benki, ile bei ya kweli, ambayo kila dereva wa lori kutoka Malaba aliijua kabla ya karani wa benki.

Upande wa Mbale walijifunza kutoiamini shilingi mapema kuliko sisi. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikaruka, na mkulima wa Mlima Elgon akajikuta analipwa kwa shilingi ya Uganda ambayo haikununua kitu. Kahawa ikashuka mlima kwa punda na kwa mabega, ikavuka kuingia Kenya. Soko lile la mpakani liliitwa Chepkube, na wazee wa upande wa pili wanasema wapo waliojenga nyumba za mawe kwa fedha ya msimu mmoja. Tangu hapo Mgisu mwenye akiba hakuiweka yote katika noti za Kampala. Aliweka za Kenya, akaweka ng'ombe, akaweka mabati. Ndiyo maana ninapokwenda Mbale kutafuta noti za Amin au za Obote napata chache kwenye masanduku ya wakulima, na nazipata nyingi kwa wafanyakazi wa serikali na walimu wastaafu, watu ambao mshahara wao haukuwa na mlango mwingine.

Kwa hiyo ilipofika 1987 nchi ilikuwa na noti nyingi na bidhaa chache. Vita vya miaka mitano vilikuwa vimekwisha Januari 1986, vingine vilikuwa vimeanza kaskazini na mashariki, na bei zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 200 kwa mwaka. Serikali mpya ilikuwa imejaribu kwanza kushikilia dola kwenye shilingi 1,400. Haikuwezekana. Mei 1987, katika mpango uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikafanya mambo kadhaa kwa mpigo: ikafuta sufuri mbili, ikakata ile asilimia 30, ikapandisha bei anayolipwa mkulima wa kahawa, na ikaweka dola kwenye shilingi 60 mpya, ambazo kwa hesabu ya zamani ni 6,000.

Hesabu ile ya asilimia 30 naijua kwa sababu nilimfanyia mama yangu. Alikuwa anauza karanga na mukene (dagaa) kando ya barabara ya Kamuli, na akiba yake, kwenye kopo la Kimbo, ilikuwa shilingi 60,000. Ukifuta sufuri mbili zinabaki 600. Ukikata asilimia 30 zinaondoka 180. Zinabaki 420. Alipanga mstari mjini tangu alfajiri akiwa na kiroba chake, na jioni alirudi na noti mbili za 200 na moja ya 20. Aliziweka juu ya mkeka zikiwa zimenyooka, akaziangalia kwa muda mrefu, akaniuliza: "Mwanangu, hizi ndizo zote?" Nikamwambia, "Ndizo, mama." Noti ile ya 20 hakuitumia. Alisema ni ndogo mno kununulia kitu cha maana na ni mpya mno kuitupa kwenye chumvi. Ndiyo noti ya kwanza katika mkusanyo wangu, na nyuma yake kuna picha ya majengo marefu ya mjini.

Noti ya 200 ndiyo ninayotaka kuizungumzia zaidi. Nyuma yake yuko mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mbele ya mashine. Kwenye ile ya 50 waliweka jengo la Bunge, kwenye ile ya 100 Mahakama Kuu, na kwenye ile ya 10 swala wanaochunga na watu wawili wanaovua kwa mtumbwi. Noti kubwa kuliko zote, yaani kilele cha fedha mpya, wakampa mtu anayefanya kazi ya nyuzi. Nchi nzima ilijua nguo za Uganda zinatoka wapi. Nytil, Nyanza Textile Industries, ilianza miaka ya 1950, wakati ule ule wa bwawa la Owen Falls, kwa kuwa umeme wa mto ndio ulioita viwanda. Pamba ilitoka Busoga, Bukedi na Teso, ikachambuliwa kwenye majineri, ikaja kwetu Jinja kusokotwa, kufumwa na kupigwa chapa. Mimi nilikuwa upande wa kusokota. Noti ya 200 ilipoingia idarani, mashine zilikuwa zinaendelea kunguruma na watu wakawa wanapokezana noti moja kutoka mkono hadi mkono, kila mmoja akimtambua mwenzake katika ile picha. Haikuandikwa kwamba ni Nytil. Kwetu haikuhitaji kuandikwa.

Mwaka huo huo wa noti mpya, kabla hazijapata hata nusu mwaka, vita vilikuja karibu na mlango wetu. Alice Lakwena alitoka kaskazini na jeshi lake la Roho Mtakatifu, akapita Lira, Soroti, Mbale na Tororo, akaingia Busoga. Wapiganaji wake walijipaka mafuta ya mti wa shea wakiamini risasi haziwapati. Walipigwa kati ya Oktoba na Novemba katika misitu na mashamba yaliyo upande wa mashariki wa Jinja, na Magamaga, katika eneo hilo, palikuwa uwanja wa vita. Nataja hili kwa sababu watu wengi wanapouliza kwa nini fedha mpya ilidhoofika haraka, hujibiwa kwa maneno ya kitabuni tu. Vita hulishwa. Askari hulipwa, magari hununuliwa mafuta, na serikali isiyokusanya kodi ya kutosha hugonga mlango wa Benki Kuu. Ile asilimia 30 ilipunguza noti mikononi mwa akina mama wa karanga. Matumizi ya serikali yakaziongeza tena kwa mlango mwingine.

Fuata noti ya 200 uone. Mei 1987, kwa bei ya benki, ilikuwa zaidi ya dola 3. Julai 1988 dola ikapandishwa kutoka shilingi 60 hadi 150. Desemba ikawa 165. Machi 1989 ikawa 200, na noti yetu ya mfanyakazi wa nguo ikawa sawa na dola moja kamili, kwa bei ya serikali, kibanda ikiwa juu zaidi. Mwaka 1990 serikali ikaruhusu maduka ya kubadili fedha na kibanda ikatoka uani ikaja barabarani na leseni ukutani. Mwaka 1991 zikachapwa noti za 500 na 1,000. Zile namba tulizozifuta zikaanza kurudi.

Noti ndogo zilikufa kwanza. Ya 5 na ya 10 zilikuwa na sarafu za thamani ile ile zilizotoka mwaka ule ule wa 1987, sarafu za chuma zenye pembe saba, na kwa muda mfupi zote mbili zilitembea pamoja. Baadaye hazikununua hata kiberiti, na mwenye duka akawa anakupa pipi badala ya chenji. Hakuna tangazo lililoziua noti hizo kama lililoziua zile za Amin. Bei ya sukari ndiyo iliyoziua. Hapa ndipo ninaposema fedha hii isiyo na uso ina mengi zaidi: ilipotoweka huwezi kumsingizia mtawala aliyeanguka, kwa sababu mtawala hakuanguka. Lazima uangalie soko, bajeti, vita na pamba.

Linganisha na majirani. Oktoba 1993 Rais Mobutu wa Zaire alileta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na jimbo la Kasai likaikataa kabisa, likaendelea na noti kuukuu. Uganda hakuna eneo lililokataa noti za 1987. Tulizipokea, tukazitumia, tukazichakaza.

Kuchakaza kwenyewe ni jambo ambalo wakusanyaji wa nje hawalitazami vizuri. Kwao noti bora ni ile isiyowahi kukunjwa, ngumu, yenye kona kali. Noti za 5 na 10 za mwaka 1987 katika hali hiyo zimejaa duniani. Ziliondoka kwa mabunda zikiwa bado zimefungwa, na leo zinauzwa Ulaya na Marekani kwa bei ya soda. Ukitaka kuipata noti hiyo hiyo iliyopita sokoni Jinja, yenye mafuta ya samaki, mikunjo minne ya leso ya mwanamke na wino wa karani aliyejumlisha juu yake, utazunguka Iganga, Kamuli na Mbale na unaweza kurudi mikono mitupu. Zile zilizofanya kazi ndizo zilizokwisha. Kwa maoni yangu noti chafu ya 10 ni adimu na ina thamani kuliko safi, hata kama hakuna katalogi inayokubali, na ninapopewa nichague huchagua chafu.

Ninazipata kwa njia za kawaida. Kijana wa boda anavunja sanduku la chuma la jajja (babu au bibi) yake aliyefariki, anakuta bahasha, anapita kwangu. "Mama, hizi bado zinafaa?" Namwambia dukani hazinunui kitu, ila kwangu zina bei, nami namlipa palepale. Nyingine hutoka ndani ya Biblia na Kurani, zilikowekwa kama alama ya ukurasa. Nyingine ziko ndani ya godoro la pamba, na hizo huja na harufu yake. Ile ya hati za viwanja ndiyo bahasha ninayoipenda zaidi, kwa sababu aliyeweka noti pamoja na hati ya kiwanja alikuwa na jambo alilokuwa anapanga.

Adui wa kwanza ni mchwa. Sisi tuko karibu na ziwa, ardhi ni nyekundu na yenye unyevu, na sanduku likigusa sakafu ya udongo kwa msimu mmoja wa mvua, noti hubaki vipande. Adui wa pili ni selotepu. Watu huunganisha noti iliyopasuka kwa nia njema, na baada ya miaka gundi inageuka njano na kula rangi. Wa tatu ni pasi. Usiipige noti pasi kamwe. Joto hulainisha karatasi na kufuta ule mchoro ulioinuka ambao kidole huusikia, na noti iliyopigwa pasi hulala bapa kama gazeti. Mimi huziweka katikati ya karatasi nyeupe kavu, ndani ya kitabu kizito, juu ya kabati mbali na ukuta.

Noti za 50, 100 na 200 ziliendelea kuchapwa kwa picha zile zile hadi miaka ya 1990 ilipokaribia mwisho, na kwa hizo mkusanyaji ana kazi ya kweli, kwa kuwa mwaka umeandikwa na saini zinabadilika. Ukizipanga kwa miaka unaona magavana wakipishana huku yule mfanyakazi wa nguo akibaki mashineni pake. Lakini mashine zenyewe, hapa mjini, zilikuwa zinanyamaza. Umeme ulikatika mara kwa mara, vipuri vilihitaji dola, na nguo za mitumba zilifika kwa makontena. Katika miaka ile ile picha ya kiwanda ilikuwa bado inachapwa kwenye noti, nasi tuliokuwa tukifanya kazi humo tulikuwa tunarudishwa nyumbani kwa makundi.

Mwaka 1995 ikatoka noti ya 10,000, na nyuma yake likawekwa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Kwa hiyo kwa miaka michache Jinja ilikuwa kwenye noti mbili kwa wakati mmoja: umeme wake kwenye ile ya 10,000, na, kwa jinsi sisi tulivyoamini, nyuzi zake kwenye ile ya 200. Mwaka 1998 zikaja sarafu za 50, 100, 200 na 500. Ile ya 200 ikapewa samaki. Mfanyakazi wa nguo akatoka kwenye fedha ya Uganda na sijamwona tena, hata katika noti mpya za Mei 2010 ambazo zimepambwa kwa mikeka, ndege, ng'ombe na sokwe wakubwa wa milimani.

Kinachonipungukia sasa ni zile za 5 zilizochakaa, za miaka ya mwanzo, na chochote cha 1987 kilichobaki na karatasi ya benki ya siku za kubadilisha, hata kama ni kipande chenye muhuri tu. Mwenye nacho Mbale, Tororo, Kamuli au Bugembe asikisafishe. Akiweke kati ya karatasi mbili kavu, na pembeni, si juu ya noti, aandike kwa penseli jina la aliyeiweka, kazi aliyokuwa akiifanya na mahali ilipokutwa. Kwangu habari hizo tatu zina bei sawa na noti yenyewe.